Siku Nilipoutazama Utumbo Wangu

Nimeuona utumbo wangu kwa macho yangu mwenyewe. Sikufa, sikupasuliwa, wala sikuota. Nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto kwenye kitanda cha hospitali moja kubwa ya Nairobi, muuguzi amenishika bega, daktari akanisogezea kioo cha kuchungulia, nami nikatazama. Ni wa rangi ya waridi, unang'aa kwa unyevu kama shavu la ndani la mtoto mchanga, na una mikunjo inayofuatana mpaka mbali. Nilidhani ningeona uchafu. Niliona kitu kizuri mno hata nikasema "Subhanallah" kwa sauti, na chumba kizima kikacheka.

Tangu siku hiyo nimekuwa msemaji. Mke wangu Mariamu ameniomba, tena mara nyingi, nisilieleze jambo hili wageni wakiwa wanakula. Basi nimeamua kuliandika, kwa sababu karatasi hainyanyuki ikaondoka mezani. Namwandikia mtu mmoja tu: wewe unayeona damu chooni na hujamwambia mtu. Nakujua. Mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa miezi mingi.

Jina langu ni Idi Makokha, fundi wa saa. Meza yangu iko kwenye kibaraza cha duka la vitambaa mjini Busia, karibu na barabara ya kwenda mpakani. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, kahawa ya magendo kutoka Uganda imewajaza watu hela, na kila aliyezipata alitaka saa mkononi. Waganda waliniita ssebo, yaani bwana, madereva wa malori waliniita boss, na kazi haikunipa nafasi ya kuinua kichwa.

Damu ilianza pamoja na mvua za masika. Mwanzoni ilikuwa alama tu, nyekundu, mfano wa uzi. Nikajiambia ni bawasiri, kwa kuwa mtu anayekaa kutwa hakosi bawasiri. Nikaacha pilipili, nikanunua dawa ya kupaka. Damu ikapotea wiki moja, ikarudi imechanganyika na ute. Kisha tumbo likaanza kunivuta wakati wowote linapotaka, nikawa naacha saa ya mteja imefunguliwa mezani, skrubu zake zimetandazwa kwenye karatasi, nakimbilia choo cha nyuma. Dereva mmoja wa Mombasa alinisubiri hivyo mara tatu kwa asubuhi moja. Niliporudi mara ya tatu akaniuliza, "Fundi, kwani huko nyuma una duka lingine?"

Nilicheka naye. Lakini kilichoniuma hasa ni msikiti. Udhu wangu haukudumu. Ningetawadha nyumbani, nikifika mlangoni tumbo linanigeuka. Nikaacha kuswali na wenzangu, nikawa naswali peke yangu nyuma ya majora ya vitambaa, na mtu akiniuliza nasema kazi ni nyingi.

Mwili nao ukaanza kunisema hadharani. Mkanda ulihitaji tundu jipya, nikalitoboa kwa msumari. Halafu jingine. Viganja vikapauka. Vidole, ambavyo ndivyo riziki yangu, vikaanza kutetemeka nikishika kibano. Kibaraza chetu kina ngazi tatu tu, nazo zikawa zinanifanya niheme kama niliyepanda mlima.

Mariamu aligundua kwa sababu ndiye aliyefua. Alinijia chumbani na suruali mkononi, watoto wakiwa shuleni.

"Baba Zaituni, hii ni nini?"

"Nilikalia rangi."

"Rangi ya wapi? Siku hizi unapaka nyumba?"

Nikanyosha mkono kuichukua suruali, akaivuta nyuma.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Mvua gani? Hii ya juzi ama ile ingine?"

"Ile nyingine."

Akaligeuza beseni, akalikalia. Hakulia. Akasema, "Kumbe mimi nimeolewa na mtu mjinga, na kwa watu nasema ni fundi."

Ukweli ni kwamba alisema vile kwa sababu aliogopa. Usiku na mchana baada ya hapo hakuniacha. Nikaanza kuihesabu miezi kwa dawa. Ulikuwako mwezi wa vidonge vya amiba, vilivyoyapa mate yangu ladha ya shaba. Ukafuata wa dawa ya minyoo. Kisha ule wa mizizi ya mama mkwe, michungu, ambayo niliinywa kwa heshima yake na ikanifanya nikimbie zaidi. Mahindi yakakauka mashambani, yakavunwa, na damu iko palepale.

Mariamu ndiye aliyenipeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, katikati ya akina mama na watoto wenye homa, mimi nimekaa ukingoni karibu na mlango wa choo, nimeshakuwa mjuzi wa kuchagua viti. Daktari msaidizi aliyenipokea aliitwa Etyang, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Kuna mtu amewahi kukupima huko nyuma?"

"Hapana."

"Miezi yote hiyo unapewa dawa ya mdomo, na hakuna mtu ameangalia pale damu inatokea?"

Akavaa glavu. Nisikufiche: nilitaka ardhi ipasuke. Lakini lilikuwa jambo la dakika moja, na hayo ndiyo mambo niliyoyakimbia tangu masika! Kidole chake hakikugusa kitu. Akanitoa damu mkononi, akarudi amekunja uso.

"Damu yako imepungua sana, na bawasiri sioni. Hii kitu iko juu zaidi. Nairobi kuna daktari amerudi kutoka masomo ng'ambo. Ameleta mpira fulani wa kuangalia tumbo ndani, mpaka juu kabisa, bila kupasua. Mimi sijauona, nimesikia tu. Lakini nafikiri wewe ndio mtu wake."

Mariamu alishika mdomo. Mimi, wallahi, nilisahau kuogopa. Nikamuuliza, "Na taa wanaiweka wapi?"

Etyang akaacha kuandika. "Wewe ni mgonjwa wa aina gani?"

Tulipanda treni Malaba, kwa sababu treni ina choo na basi halina. Nikupe huo kuwa ushauri wangu wa kwanza. Nairobi tulifikia kwa shangazi ya Mariamu, Pumwani, mjane mwenye chumba kimoja na roho ya vyumba kumi. Alitupisha kitandani kwake bila kuulizwa.

Hospitalini walinipa siku, na masharti. Siku tatu kabla yake nilikunywa tu: uji mwepesi, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa. Siku moja kabla, mafuta ya mbarika. Jamani, yale mafuta! Ni mazito, yanashuka kooni polepole kama mtu asiyetaka kwenda anakotumwa. Ziba pua, meza kwa mkupuo, lamba ndimu. Baada ya hapo usipange safari yoyote inayozidi hatua kumi. Paka mafuta ya mgando mapema, kabla hujachubuka. Asubuhi yake Sista Rhoda, muuguzi wa chumba kile, akanitia maji ya vuguvugu kwa bomba, tena na tena, akichungulia kila mara.

"Bado, mzee. Nataka itoke safi kama ya mfereji."

"Sista, ndani hakuna kitu tena. Nimebaki mimi tu."

"Wewe ndiye tunataka kuona."

Kwenye benchi tulikuwa wanne, wote tumefunga. Mmoja alikuwa mzee wa Murang'a mwenye kofia ya sufu. Kwa saa mbili hatukuzungumza ugonjwa hata kidogo. Tulizungumza chakula. Yule mzee alitueleza mbuzi wa kuchoma tangu anapochaguliwa zizini. Mimi nikawaeleza samaki wa Sio Port, anavyopikwa na nyanya na kitunguu kingi, na mama mmoja pembeni akasema, "Tafadhali, rudia hapo kwa kitunguu." Nikarudia. Sijawahi kuwapenda watu nisiowajua kama nilivyowapenda wale watatu.

Daktari aliitwa Muthama. Mwembamba, mchangamfu, mikono yake haitulii. Nilipoingia nikiwa nimevaa lile gauni lililo wazi nyuma, sikumtazama yeye. Nilitazama mpira. Ulikuwa mweusi, mnene kama kidole, mrefu kuliko mimi, na kichwani una vitufe na magurudumu mawili madogo ya kuupindisha.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza, akiwa ameyaona macho yangu.

"Fundi wa saa."

Uso wake ukawaka. "Basi njoo hapa!" Akanionyesha ncha yake. "Ndani humu mna nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zimefungwa pamoja. Mwanga unaingia upande huu, unatoka upande ule, na picha inarudi."

"Na mpira ukipinda?"

"Mwanga unapinda nao."

"Mwanga unapinda?"

"Unapinda, fundi!"

Tulisimama pale tukicheka kama watoto, mpaka Sista Rhoda akasema, "Daktari, mgonjwa wako anapigwa baridi matakoni."

Wakanidunga sindano, nikalegea lakini sikulala. Sasa nikwambie inavyokuwa, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Haichomi. Kuna msukumo, halafu wanatia hewa, na tumbo linajaa kama uliyekula maharagwe ya harusi. Kwenye kona linakata kidogo, Sista anakandamiza tumbo kwa kiganja, linapita. Hewa ikitaka kutoka, iache. Niliibana kwa aibu, daktari akasema, "Toa, mzee, usione haya. Humu ndani hewa ni kazi."

Kisha akanyamaza. Vidole vyake vikapunguza mwendo. Nikajua amefika, kwa sababu hata mimi hunyamaza hivyo ninapoliona gurudumu lililovunjika jino.

"Kipo," akasema.

Alikuwa na kioo cha pili, chenye mkono wake, cha wanafunzi kuchungulia. Akaniuliza, "Unataka kuona?" Ndipo nikaona huo utumbo niliokueleza, na katikati yake, kimesimama juu ya shina kama uyoga, kinyama chekundu chenye ukubwa wa zabibu. Kichwani kina kidonda. Damu ilikuwa inachuruzika taratibu, bila haraka. Hicho ndicho kilichonitobolesha mkanda! Hicho ndicho kilichonitoa msikitini!

Daktari akapitisha waya ndani ya ule ule mpira. Ukatoka mbele ukiwa kitanzi. Akakivisha kitanzi kwenye shina, akakikaza, akakanyaga kitu mguuni, umeme ukapita, shina likawa jeupe, likakatika. Sikusikia maumivu yoyote. Hapakuwa na kisu wala uzi wa kushona. Akakuta kingine kidogo, halafu cha tatu. Kwa muda wa kuchemsha birika la chai, mambo yaliyonila miezi minane yalikuwa kwenye chupa. Nilicheka, machozi yakanitoka, nikacheka tena. Sindano ilichangia, lakini si sindano peke yake.

Nilipopumzika wakanipa chai na mkate. Sijala mkate mtamu kama ule. Daktari Muthama akaja na faili.

"Baba yako yu hai?"

"Alikufa, miaka kumi na saba sasa."

"Alikufa kwa nini?"

Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu nyumbani. "Alilishwa sumu."

Akaweka kalamu chini. "Na nani?"

"Na mke wake wa pili."

"Kabla ya kufa alikuwaje?"

Nikaanza kumweleza. Alikonda. Alitoka damu, akaificha. Akachoka hata kutembea. Mwishoni tumbo lilivimba, hakuweza kupitisha hata hewa. Nilikuwa nasema, huku nasikia ninamwelezea mtu ninayemjua vizuri sana, mwenye mkanda wenye matundu. Mariamu, aliyekuwa amekaa miguuni kwangu, akasema, "Idi."

"Siwezi kumpima mtu aliyezikwa," daktari akasema. "Lakini nikiambiwa nichague kati ya sumu na nilichokitoa kwako leo, sitachagua sumu. Jambo hili hutembea katika damu ya ukoo. Ndugu zako waliozaliwa na baba huyo waje niwaangalie. Hata wasioumwa. Hasa wasioumwa."

Ndugu yangu wa baba mmoja aliyebaki ni Barasa tu, na mama yake ndiye huyo tuliyemtaja kwa sumu.

Anaitwa Amoding, mwanamke wa Kiteso kutoka Amukura. Baba alimwoa baada ya mama yangu kufariki. Yeye ndiye aliyempikia uji baba alipokuwa hali chochote kingine, na baba alipokufa, mdogo wake, baba mdogo Okumu, akasema uji ule ulikuwa na kitu. Neno lilikimbia boma zima kabla ya mazishi kwisha. Wakamfukuza yeye na mtoto wake wa miaka minane. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilibeba sanduku lake nikaliweka barabarani. Kwa miaka kumi na saba nilijiambia sikufanya lolote.

Majibu ya maabara yalichukua wiki mbili, tukangoja Pumwani. Nilikula kila alichopika shangazi. Damu haikuonekana tena. Siku ya majibu Daktari Muthama alisema kile kikubwa kilikuwa kimeanza kuharibika kichwani, lakini shina ni safi, limekatwa mahali pazuri. Ningerudi kutazamwa baada ya mwaka. "Ungengoja msimu mwingine au miwili," akasema, "tungekuwa tunazungumza mengine." Nilitoka nje nikamkumbatia mke wangu mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Amukura nilikwenda Jumapili, kiangazi kimeshika, watu wanalima wakingoja mvua. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta anachambua mtama uani. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikamsalimu kwa Kiteso, "Yoga," akaitikia kabla hajaniangalia, kisha akainua uso.

"Wewe ni Idi."

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kuchukua nini? Hapa sina kitu ya Makokha. Isipokuwa huyu."

Barasa alikuwa amesimama mlangoni, kijana wa miaka ishirini na mitano, mrefu, kifua kipana. Hufanya kazi ya kupitisha karatasi za mizigo mpakani Malaba. Mkono wa baba ulikuwa pale pale, na shingo ya baba. Maneno yote niliyopanga yakanikimbia.

"Mama, hukumuua."

Akaendelea kuchambua mtama. "Hiyo mimi najua. Wewe nani amekuambia?"

Nikawaeleza yote: mpira, mwanga unaopinda, kile kinyama na shina lake, kitanzi. Nilisimama, nikachora mavumbini, nikasema kwa mikono. Amoding alisikiliza bila kupepesa. Nilipofika kwenye neno la daktari kuhusu ndugu wa baba mmoja, Barasa akacheka.

"Mimi siumwi. Niangalie! Nabeba gunia mbili. Mtu mzima aende Nairobi kuingiziwa mpira? Wenzangu wa Malaba watanicheka mpaka nihame."

"Baba pia hakuwa anaumwa, mpaka siku alipoumwa."

"Toto, mwambie huyu," akamgeukia mama yake, maana ndivyo Wateso wanavyomwita mama. "Mwambie aende."

Amoding alikung'uta mikono. "Ataenda kupimwa," akaniambia mimi, si yeye. "Lakini kwanza wewe utaita wale watu walinitoa. Utasema mbele yao. Mimi nilishtakiwa kwa sauti. Mtoto wangu hawezi tibiwa kwa kunong'ona."

Nilitaka kumwambia kila siku ina thamani yake. Sikuweza. Haki ilikuwa yake.

Baba mdogo Okumu alipinga, akasema maneno ya wafu yaachwe na wafu. Nikawaita watu wa ukoo mwenyewe, Jumamosi, kwenye boma la baba huko Bukhayo. Walikuja zaidi ya nilivyotarajia. Amoding alikuja na Barasa, akakataa kiti, akasimama. Nami nikasema yote, hata yale ya chooni, akina mama wakifunika midomo kwa leso. Nilieleza damu yangu, nikaeleza ya baba, nikawauliza tofauti iko wapi. Kisha nikasema, "Na sanduku lake nililibeba mimi."

Baba mdogo aliuliza jambo moja. "Huyo daktari wa Nairobi, alimjua ndugu yangu?"

"Hapana."

"Basi."

Akainuka, akaenda kwa mbuzi wake. Lakini shangazi yetu Nekesa, dada mkubwa wa marehemu, akaja kwa fimbo yake mpaka alipo Amoding, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, tulikosa." Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Amoding alipomaliza kushikwa mikono alimgeukia Barasa: "Treni ni lini?"

Tulikwenda watatu. Barasa aliyatapika mafuta ya mbarika mara ya kwanza, akanitukana kwa Kiswahili, Kiteso na Kiluhya, akayanywa tena. Asubuhi ile mimi na Amoding tulikaa kwenye benchi nililokalia mimi. Mlango ulipofunguliwa nilisimama, naye akanishika mkono wa shati kama mtoto. Daktari Muthama alikuwa anatabasamu.

"Kimoja. Kama punje ya maharagwe. Nimekitoa chote."

"Na yeye hajawahi kuona damu?" nikauliza.

"Hata tone. Huyu tumemwahi kuliko tulivyokuwahi wewe."

Barasa akatoka anaegemea Sista Rhoda, sindano imemlegeza, akimwambia kila mtu anampenda. Alimwambia mfagiaji. Akamwambia mzee mgeni kabisa aliyekuwa anangoja zamu. Amoding alijifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia.

Majibu ya Barasa yalikuwa safi. Yangu ya mwaka uliofuata pia. Vidole vimetulia, mkanda umerudi kwenye tundu la zamani, na Ijumaa niko safu ya kwanza.

Sasa wewe. Najua unangoja iishe yenyewe. Haiishi yenyewe. Mwambie anayekufulia, maana huenda anajua tayari. Mwambie daktari aangalie pale damu inapotokea, na asipotaka, tafuta mwingine. Huenda ikawa bawasiri tu. Basi utarudi nyumbani unacheka. Na kama baba au mama yako alikufa kwa tumbo na watu wakamtaja mtu, waulize wazee alikuwaje kabla ya kufa. Uliza taratibu. Halafu wapeleke ndugu zako, wale wenye afya, wenye kubeba magunia.

Baba mdogo Okumu leo anachunga mbuzi wake huko Bukhayo kwa sababu vinyama viwili vilitolewa kwake mwezi wa nane. Lakini siku ninayoipenda ni ile aliyokuja kwangu Busia. Alivaa koti lake la kanisani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama malori.

"Karibu, baba. Saa imeharibika?"

"Sina saa." Akakohoa. "Hiyo mpira yako. Inaingia mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono juu ya tumbo, kutoka huku, kupanda, kuvuka, kushuka. Akaitikia kwa kichwa kila kona.

"Unaumwa, baba?"

"Siumwi. Si ulisema hata wasioumwa?"

Nikaweka kibano chini kwa furaha. Lakini sikutaka aende kwa njia ya pembeni.

"Baba, ukikubali kupimwa, unakubali ni damu yetu. Si uji."

"Najua."

"Basi kwanza tupitie Amukura."

"Nimetoka huko asubuhi."

Sikuamini. "Akasema nini?"

"Alinipa kiti. Nikasema kile nilikuwa nimeenda kusema. Nilipoinuka ndipo akaniambia Nairobi kuna baridi, nisiende bila sweta."